Vigae Sitini vya Ua

Mimi na shemeji yangu tumegombania neno moja la herufi mbili kwa miaka ishirini na saba. Kwangu mimi ua ni ua. Liwe la kunusa au uwe wa kufagia, nikishasema "ua" naamini mtu mwenye akili zake atanielewa. Shemeji haamini hivyo. Alifundisha darasa la nne kabla baba yake hajamwita kwenye karakana ya vigae, na chaki ilimtoka mikononi lakini haikumtoka mdomoni. Nikimsifia kigae, "Shemeji, ua huu mzuri," hujibu bila kuinua kichwa, "Ua huu mzuri uko nyuma ya nyumba, una kamba ya nguo na ndoo iliyotoboka. Hili hapa ni ua zuri." Nami humjibu kwamba moto wa tanuri haujawahi kuniuliza ngeli.

Karakana yetu ina watu watatu. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ndiye mchora mstari. Mke wangu ndiye mjaza rangi. Mimi ni mtu wa tanuri, maana yake nachoma kilichofanywa na wenye akili. Simu pia huipokea mimi, kwa sababu wao mikono yao ina rangi mbichi na yangu ina majivu tu. Huo ndio mgawanyo wa kazi aliotuachia marehemu baba mkwe, na jambo la simu nadhani angelifikiria zaidi kama angejua yatakayotokea.

Tunachora maua. Vigae vyetu viko kwenye kuta za misikiti, penye mabomba ya kutawadhia, na kwenye sebule za watu waliojaliwa. Hatuchori mtu wala mnyama. Tunachora waridi, ua la komamanga, mmea mtambaazi unaojizungusha hadi ukapotea mwanzo wake, na lile jani refu lenye meno kama msumeno. Baba mkwe alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: usinakili bustani, bustani ina Mwenyewe; wewe chora ua ambalo halijawahi kunyauka. Maneno mazuri sana. Lakini wateja hawakuyasikia. Mteja huja na picha kwenye simu yake, anasema, "Nataka kama hili la jirani, ila langu liwe kubwa zaidi kidogo." Na Shemeji huchora la jirani, kubwa zaidi kidogo. Miaka yote hiyo hajawahi kuchora ua lake mwenyewe, hata moja.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza alisema ni baridi. Baridi ilipokwisha akasema ni chai. Daktari alimwambia wazi kwamba hautapona, utazidi polepole. Sasa huegemeza kifundo cha mkono kwenye kijiti, huvuta pumzi, anasema bismillahi, ndipo anashusha brashi. Mstari wetu mweusi hauna msamaha, kigae kikavu kinaunywa papo hapo na hakuna kufuta. Alikuwa ameshamwambia mke wangu kwamba atafanya kazi moja kubwa zaidi, kisha brashi ataiosha na kuiweka kabatini.

Kazi hiyo kubwa ndiyo niliyoipokea mimi, Jumatatu asubuhi, nikiwa nusu mwili ndani ya tanuri nalifagia.

"Karakana ya vigae?" sauti ya mwanaume iliuliza. "Mimi ni daktari wa meno, hapa karibu na posta. Nataka vigae sitini vya ua. Vile vikubwa."

"Vya ua?"

"Vya ua. Na viwe kijani."

"Vitapatikana," nikasema, maana kwa mtu wa tanuri hakuna jibu jingine.

Nikaenda kumwambia Shemeji. Akaniuliza, "Ua gani?"

"Hakusema."

"Hakutuma picha?"

"Hakutuma."

"Hakusema kama la fulani?"

"Shemeji, mtu kasema ua, na kijani kiwepo. Nimtie vidole kooni atapike jina?"

Shemeji aliweka brashi chini. Alitazama ukuta kwa muda, halafu akamtazama mdogo wake, halafu akanitazama mimi kana kwamba nimempelekea habari za mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Ua tu," akasema. "Vigae sitini. Na hakusema gani."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Tangu lini mteja akaagiza kitu bila kukiharibu kwanza kwa maelezo? Lakini mimi nilirudi kwenye ufagio wangu.

Alikaa siku nne na karatasi. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata kupita nyuma yake. Siku ya tano akazitandika karatasi sakafuni, kumi kwa upana na sita kwa kimo, nikaelewa kwamba hachori maua sitini. Anachora ua moja, litakaloenea vigae vyote sitini. Lilikuwa na moyo wa komamanga lililopasuka, petali za waridi kwa ndani na nyingine ndefu kwa nje nisizozijua, na majani ya msumeno yakilizunguka hadi kwenye pembe nne. Ukilitazama unasema hili nimeliona mahali. Ukianza kutafuta ni wapi, hupati.

"Ua huu..." nikaanza.

"Hili."

"Hili. Linaitwaje?"

"Halina jina. Halijaota popote."

Kisha kazi ikaanza. Anayejua kazi yetu anajua kwamba haina haraka. Unatoboa karatasi kwa sindano, tundu baada ya tundu, kufuata mchoro wote. Unaiweka juu ya kigae, unaipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa, unaiondoa, na nukta nyeusi zinabaki kigaeni. Mchora mstari ndiye anayeunganisha nukta hizo kwa brashi, na hapo ndipo fundi hutofautiana na mtoto wa shule. Shemeji alikuwa akimaliza viwili kwa siku. Zamani alimaliza vinane. Mke wangu alifuata nyuma yake na rangi, ambazo kabla ya moto hazina hata adabu: buluu inaonekana kijivu, kijani kinaonekana kama matope, na mteja akichungulia wakati huo huomba kughairi.

Na Shemeji aliimba. Nasema kuimba, lakini ilikuwa zaidi mluzi wenye maneno mawili matatu ndani yake. Tangu mumewe afariki sikuwa nimemsikia akiimba.

Simu ya pili ilikuja alipokuwa kwenye kigae cha ishirini na mbili.

"Fundi," daktari wa meno alisema, "kuna jambo nilisahau kukwambia. Ua wetu una mteremko."

"Una nini?"

"Mteremko. Kuelekea bombani. Nimeona niwaambie mapema mjipange."

"Sawa," nikasema, nikakata.

Nimewahi kuungua mkono hadi kiwiko. Nimewahi kufungua tanuri nikakuta kazi ya miezi miwili imegeuka kokoto. Lakini sijawahi kupata baridi kama ile niliyoipata nimesimama na simu mkononi, nikilisikiliza tena lile neno "wetu". Hakusema letu, alisema wetu. Ua wetu una. Miaka ishirini na saba mwanamke yule amenipigia kelele juu ya herufi ile, na nilipokuja kuielewa ikawa kwa kuambiwa na mng'oa meno. Mtu yule hakutaka ua la kutazama. Alitaka vigae vya kutandika uani kwake, mahali pa kamba na ndoo.

Nikaenda kumwambia. Wallahi nilikwenda. Nilimkuta ameinama, kijiti chini ya kifundo, ulimi umetoka kidogo pembeni kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Mkono haukuwa unatetemeka, au kama ulitetemeka, mstari haukujua. Nikakohoa.

"Shemeji," nikasema, "ua linaweza kuwa na mteremko?"

Aliinua kichwa, akaweka brashi chini. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyostahili.

"Likiinama kwenye shina, kwa nini lisiwe nao?" akasema. "Na leo umepatia ngeli. Unaumwa?"

"Hapana. Leo kuna joto."

Nikaondoka. Mchana, wakati wa kula, nilimweleza mke wangu kila kitu kwa sauti ya chini. Alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Umelikoroga," akasema.

"Najua."

"Utalinywa."

"Najua."

"Mimi sikusaidii hata kijiko kimoja." Kisha akasukuma sahani pembeni, na uso wake ukalainika. "Lakini umemsikia dada anavyoimba? Mimi siwezi kumwambia aache, siwezi kabisa. Mwambie wewe uliyezoea kumuudhi."

Kumbe kuna aina za kuudhi, na mimi naijua moja tu. Kila asubuhi nilijipa moyo tangu kitandani, nikaoga nao, nikatembea nao hadi kwenye meza ya Shemeji, na hapo ukanitoka. Nilimwambia kuna mawingu. Nilimwambia bei ya kuni imepanda. Siku moja nilimwambia amependeza, akaniuliza kama mke wangu anajua kwamba nina homa. Kigae cha thelathini kikapita, cha thelathini na sita kikapita. Niliacha kulala vizuri na nikaacha kubishana, na mtu anayenijua angetambua kwamba la pili ndilo baya zaidi.

Alipofika arobaini niliona suluhisho. Kama siwezi kumwambia Shemeji aache, basi nitamshawishi daktari alitake ua. Simu ilikuwa imeshaniponza, kwa hiyo nikaenda kwa miguu.

Pale mapokezi, dada mmoja mwenye kalamu sikioni aliniuliza, "Una miadi?"

"Nina shida ya ua."

"Hapa tunatibu meno."

"Basi nina shida ya jino," nikasema, nikidhani nimekuwa mjanja.

Baada ya nusu saa nilikuwa nimelala kwenye kiti chake, taa usoni na mdomo wazi. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi kuliko sahani zetu. Aligonga jino moja la nyuma, nikaruka.

"Hili limeoza hadi mzizi," akasema. "Umevumiliaje?"

Sikuwa nimelijua. Nilikuwa na maumivu mengine wiki hizo, nikadhani yote ni familia moja. Kabla sijajieleza, akanichoma sindano, na nusu ya ulimi wangu ikalala. Hapo ndipo nilipoona ni wakati wa kusema.

"Ahari," nikasema, nikiwa na maana ya daktari. "Ihi ni fuhi wa higae."

"Fundi wa vigae? Aa, ni wewe? Mbona hukusema tangu mlangoni?" Alifurahi kwa dhati. "Mama yangu kila siku ananiuliza. Alianguka uani wakati wa mvua, akienda bombani, akavunjika mkono. Nikasema basi, natandika vigae vya kukwaruza, miguu ishike, kutoka mlangoni hadi kwenye bomba. Viwili viwili, sitini. Kijani anakipenda."

Nilifunga macho. Nilikuwa nimefikiri nakwenda kubishana na mtu juu ya urembo. Sasa nimekuta mama aliyevunjika mkono. Vigae vyetu, vikishapakwa ule uji mweupe unaogeuka kioo motoni, vinateleza kuliko sabuni.

"Ahari," nikajitahidi, "hisi huhehora ua."

"Mmechora ua?" Akasimama na koleo lake hewani. "Yaani mmechora ramani kabisa, na mteremko na bomba? Mafundi wengine wanakuja na kamba tu. Nitakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi nimlete mama auone. Sasa fungua mdomo."

Alisema auone. Mimi nilitaka alione. Nikafungua mdomo, akang'oa jino, na nikarudi nyumbani na pamba shavuni na siri ileile niliyoondoka nayo. Shemeji aliponiona alisema sura yangu imepata mteremko.

Kigae cha sitini kilimalizika siku ya Ijumaa. Mke wangu alivipaka vyote uji, na ua lote likatoweka chini ya weupe kama halikuwahi kuwepo. Niliwasha tanuri Jumamosi. Sijawahi kulilinda tanuri vile. Nilililisha kuni moja moja, nikilisikiliza, nikimwomba Mungu asivunje hata kimoja, na papo hapo najiuliza kama isingekuwa rahisi kwangu vyote vikavunjika. Wazo hilo lilinitia haya na nikaenda kunawa uso.

Jumanne nilifungua. Nilitoa cha kwanza kwa kitambaa, kikiwa bado na joto, nikakigeuza kwenye mwanga. Kile kijivu kilikuwa kimegeuka buluu ambayo huwezi kuona mwisho wake. Matope yalikuwa kijani. Nyekundu ilikuwa imesimama juu ya kigae, unaweza kuigusa na kidole. Vyote sitini vilikuwa vizima. Nililia, na sisingizii moshi, maana tanuri lilikuwa limeshapoa.

Alhamisi tulilitandika ua lote uani kwetu, kwa sababu ndani halikuenea. Shemeji alivaa nguo yake nzuri. Mke wangu alinitazama mara moja na kuniambia kwa macho kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikasafisha koo, na lango likagongwa.

Daktari aliingia amemshika mama yake mkono. Mama alikuwa mdogo wa umbo, na fimbo, na macho yasiyokosa kitu. Wakafika kwenye ukingo wa vigae na wote wawili wakasimama.

"Hili ni nini?" daktari akauliza.

"Ua," Shemeji akasema.

"Naona. Na ua wetu uko wapi?"

Sikuthubutu kumtazama Shemeji. Nilitazama ndoo.

"Mimi niliagiza vigae vya ua," daktari akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa aliyezinduka. "Ua wa nyumbani. Vya kukanyaga. Fundi, si ulikuja hata kliniki?"

"Nilikuja," nikasema. "Ulining'oa jino."

Mama yake alikuwa hasikilizi. Alikuwa anazunguka ukingo wa ua, hatua kwa hatua, akiinua fimbo yake juu ili isiguse hata kigae kimoja. Alipofika upande wa pili akamtazama Shemeji.

"Ni ua gani hili, mwanangu?"

"Halijaota popote, mama."

"Ndiyo maana silijui." Aliendelea kulitazama. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe umesema ua, ukadhani dunia nzima ina bomba lako. Mimi juu ya hili sipiti. Nikitaka kuanguka tena nitaanguka kwenye saruji, si kwenye kazi ya mtu."

"Tungelitia ukutani, mama," daktari akasema, akiwa ameona haya kweli.

"Ukuta gani? Kwetu tuna mabati." Akampa Shemeji mkono, akaushika wa kulia, ule wenye kutetemeka, akaukalisha katikati ya mikono yake miwili. "Ningekuwa na ukuta ningelichukua leo. Samahani, mwanangu."

Daktari akaagiza upya, na safari hii aliandika kwenye karatasi: vigae sitini, kijani, vya kukwaruza, vya chini. Mke wangu aliipokea karatasi na kusema hivyo havihitaji mstari, atavitengeneza mwenyewe. Akawasindikiza hadi langoni, na akachelewa kurudi makusudi.

Shemeji alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya ua lake ambalo halikuwa na mtu wa kulitaka. Nilibaki nimesimama. Nilijiona mdogo kuliko siku zote za maisha yangu.

"Shemeji, nilijua," nikasema. "Tangu kigae cha ishirini na mbili. Alipiga simu akasema ua wetu una mteremko, na mimi nikanyamaza. Nimekuvalisha nguo nzuri nikakutia aibu mbele ya watu. Kazi yako ya mwisho, na nimeifanya isiwe na pa kwenda. Nitukane."

Hakunitukana. Alivua viatu akaviweka kando.

"Ulikuja ukaniuliza kama ua linaweza kuwa na mteremko," akasema. "Mtu mzima, jasho limekutoka hadi kwenye masikio. Shemeji, nimefundisha watoto wa miaka kumi. Mtu aliyevunja dirisha namjua kwa sura."

Ilinichukua muda kuelewa. "Ulijua?"

"Nilijua palepale. Ua lenye mteremko ni ua upi, kama si ule wenye kamba ya nguo? Nikaiweka brashi chini, nikangoja uniambie niache. Ungesema ningeacha, maana kazi ya mtu si mchezo, na kumpigia simu mwenyewe sikutaka. Hilo ni kosa langu, na nitamwomba radhi yule mama. Kesho yake ukaja, ukakohoa, ukasema kuna mawingu. Siku iliyofuata ukasema kuni zimepanda. Nikawa kila asubuhi nakuja najiambia, leo atasema, leo ndiyo mwisho. Na kila asubuhi hukusema, na mimi nikapata vigae viwili zaidi."

Akahesabu kwa vidole, akakata tamaa ya vidole.

"Thelathini na vinane," akasema. "Baba yangu mwenyewe hakunipa hata kimoja. Wewe umenipa thelathini na vinane kwa woga wako."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho hata, lakini nilikiacha. Nilikaa chini kwenye saruji kando yake, tukalitazama ua mpaka mke wangu aliporudi na kutuuliza kama kuna msiba.

Ukuta tulikuwa nao. Mganga hajigangi: miaka yote hiyo tumepamba kuta za watu, na ukuta wa ua wetu ulikuwa plasta tupu yenye alama za mpira wa watoto. Jumamosi tulikoroga saruji. Mke wangu aliloweka vigae, mimi nilibandika, na Shemeji alikaa kwenye ndoo akitoa amri, kulia kidogo, hapana, kulia kwako si kulia kwangu, wewe shule ulikwenda kufanya nini.

Jioni kilibaki kimoja, kile cha sitini, pembe ya chini upande wa kulia. Kilikuwa na ncha ya jani. Nilikuwa nimeshakiona siku ya kufungua tanuri na nilikuwa nimekipitisha haraka. Mstari wa jani lile ulikwenda vizuri hadi nusu, halafu ukaanza kuyumba, ukayumba mpaka mwisho. Nilikishika mikononi. Nilijua ananitazama. Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, kwamba jani lina upepo, na naamini angeucheka.

"Sema," akasema.

"Mstari umetetemeka," nikasema. "Kuanzia hapa hadi kwenye ncha."

Aliinuka, akaja, akaupitisha kidole juu yake polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umetetemeka," akakubali. "Siku ile ndiyo nilijua kwamba basi." Akaokota mwiko wa saruji na kunikabidhi. "Haya, kibandike. Na ahsante kwa kuniambia kabla saruji haijakauka."